Kosa la Herufi Moja

Shangazi yangu alifagia barabara kuu miaka kumi na moja. Kwenye kona malori yalimwaga mahindi, ndege wakashuka kudonoa, magari yakawaponda. Aliiomba ofisi ya barabara iweke tuta la kupunguza mwendo mpaka ulimi ukaota sugu. Mfagiaji mwenzake alipogongwa pale pale, shangazi aliipigia simu ofisi hiyo. Gari la wagonjwa likaja saa tatu baadaye, kubeba maiti.

Wiki iliyofuata akaokota njiwa, akapiga tena: "Ndege imeanguka barabarani."

Hazikupita dakika kumi, zimamoto, magari matatu ya wagonjwa na bosi mwenyewe wakawa wamefika.

Bosi akamtazama njiwa. "Mama, huyu ameanguka. Wewe umesema imeanguka."

"Nimekosea herufi moja, bosi," shangazi akasema, akiendelea kufagia. "Kumbe njia mnaijua."