Karatasi za Mama Jeni

Watoto wa shule ndio waliompa jina la Mama Jeni, na jina likamganda hadi mlinzi wa getini akalisahau lile la kweli. Alikuwa fundi wa maabara kwenye kituo cha utafiti wa mimea, na mimi nilikuwa dereva wake miaka kumi na mmoja. Tusidanganyane: wasomi wakubwa nimewaendesha wengi, lakini anayejua kufundisha nilimwona mmoja tu.

Kila Jumanne na Alhamisi tulipakia sanduku garini: ndizi mbivu, chumvi, sabuni ya maji, spiriti iliyolazwa kwenye barafu. Tukifika darasani anawaambia watoto waponde ndizi, wachuje, wamimine spiriti polepole ukingoni mwa glasi, halafu watulie. Nyuzi nyeupe zinapanda juu kama kamasi. "Hiyo ndiyo DNA," anasema, "maagizo ya kutengeneza ndizi." Siku moja mtoto akauliza kama mwalimu mkuu naye anazo kamasi hizo. "Anazo, tena nyingi," akajibu, na mwalimu mkuu mwenyewe kasimama mlangoni! Darasa zima likaangua kicheko.

Mwisho wa somo ndipo anapotoa karatasi zake, vipande vidogo vyeupe vilivyolowekwa dawa. Ukiweka ulimini, ama unasikia uchungu wa kukunja uso, ama husikii kitu, na hilo umelirithi. Mimi sisikii; kwangu ni kama kulamba bahasha. Kila mtoto anaandikwa kwenye daftari refu: anasikia, hasikii. Na wimbo wake ulikuwa uleule: "Andika ulichokiona, usiandike ulichokitaka." Mtoto akibuni jibu, jedwali lote anaandika upya. Kisha karatasi zote zinakusanywa, hata zilizolambwa. Hakuna iliyotoka darasani.

"Si uwape wakacheze nazo nyumbani?" nilimuuliza siku moja.

"Wewe dereva, nyumba za watu zina mambo yake," akanijibu. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Basi akaja mkurugenzi mpya, bwana mdogo wa tai na picha za mitandaoni. Akataka wazazi washirikishwe: kila mtoto arudi nyumbani na karatasi nne na kipeperushi. Mama Jeni akakataa. Akaitwa ofisini, akakumbushwa kwamba mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja. Akakubali, akakiandika kipeperushi. Aliandika kwamba, kwa kawaida, wazazi wote wawili wasiosikia uchungu hawapati mtoto anayesikia. Kwa kawaida, maana wapo wachache wanaoipinda kanuni hiyo. Mkurugenzi akaona ukurasa umejaa, akafuta "kwa kawaida". Maneno mawili tu, jamani! Mama Jeni aligundua vipeperushi vikiwa vimeshachapwa, vimefungwa mafurushi kwenye kiti cha nyuma. Alisoma kimoja, akakikunja, akanyamaza. Na mimi nikawasha gari. Tulinyamaza wote wawili, siwezi kumtwika peke yake.

Wiki ya tatu mwalimu wa baiolojia akapiga simu. Kuna msichana wa kidato cha pili, yule wa dawati la mbele aliyekuwa akiuliza maswali hadi kengele inalia. Haji shule. Nyumbani kwao walilamba karatasi baada ya chakula: baba hasikii, mama hasikii, binti kakunja uso. Baba akasoma kipeperushi, akakirudia. Kulipokucha mama alikuwa njiani kwenda kwa kaka yake na mabegi yake, na binti akawa anaitwa "mgeni" katika nyumba aliyozaliwa.

"Twende," Mama Jeni akaniambia. Hakuomba ruhusa ya mtu.

Baba huyo ni fundi wa friji. Tulimkuta kwenye banda lake mbele ya nyumba, kipeperushi kakibandika ukutani juu ya bisibisi zake.

"Kaka yangu, kosa ni letu," Mama Jeni akaanza. "Kuna maneno yalifutwa hapo. Wapo watoto wanaosikia na wazazi wao hawasikii. Wachache, lakini wapo. Karatasi hii haipimi ubaba."

"Kwa hiyo ni wangu?"

"Karatasi haiwezi kukwambia hilo."

"Dada, mimi friji ikivuja nasema inavuja. Ni wangu au si wangu?"

Nilimkanyaga mguu. Sema ndiyo, mama! Neno moja tu, turudi zetu! Yeye akavuta pumzi. "Karatasi haisemi ndiyo, wala haisemi hapana."

"Unaona? Hata wewe mwenyewe huwezi kuapa."

Nilitamani kumnasa mtu kibao, sijui yupi kati yao.

Binti alikuwa kasimama mlangoni muda wote. "Baba," akasema, "nipimwe tena. Labda siku ile nilikula kitu."

"Mpe," baba akaamuru.

Mama Jeni alifungua sanduku, akatoa karatasi na daftari. Binti akaiweka karatasi ulimini. Tukasubiri. Uso haukucheza, hata kope. Akameza mate mara moja, mara ya pili, macho yakamlowa.

"Sisikii kitu, baba. Ni karatasi tu."

"Kweli?"

"Kweli, baba."

Yule bwana akamgeukia Mama Jeni. "Andika."

Kalamu ilikaa hewani kitambo. Kisha akaandika: hasikii. Baba akampigia shemeji yake palepale, akamwambia mkewe arudi, eti vipimo vimerekebishwa. Samahani hakuitamka. Nilimchukia, na bado namchukia.

Tulipotoka, binti alitukimbilia hadi kwenye bomba la nje. Akasukutua, akatema, akasukutua tena, mara nne nzima. Akajifuta mdomo kwa upindo wa gauni.

"Mwalimu," akauliza kwa sauti ya chini, "nimejibu sawa?"

Mama Jeni alimshika bega, akashindwa kumtazama.

"Umejibu sawa, mwanangu."

Mkataba ulipokwisha hakuomba mwingine. Daftari bado liko kituoni, na mstari wa mwisho kwa mwandiko wake ni huo: hasikii.