Siku Nilipomwita Mama Achieng Mwizi

Kling! Niliisikia kabla ya kuona kilichoanguka, na hadi leo nikiikumbuka natamani kujificha chini ya kitanda, kwa sababu muda mfupi kabla yake nilikuwa nimesimama kwenye korido ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga mtaani Umoja nikimwita jirani yangu Mama Achieng mwizi.

Ilianza hivi: asubuhi nilitoka na patapata za mpira miguuni, beseni la nguo za kuanika mikononi, nikautumbukiza ufunguo ndani ya kiatu pale mlangoni, nikabana kufuli (zile za kubonyeza tu), nikaanika, nikasahau, nikavaa viatu bila soksi na bila kuvikung'uta (daktari wangu wa kisukari ameniimbia wimbo huo miaka mingi), nikaenda sokoni, nikarudi. Ufunguo hakuna.

"Ni wewe tu uliyekuwa hapa!" nilimfokea Mama Achieng, majirani wakichungulia.

Yeye ni muuguzi, hana papara. "Mwalimu, hata kama mimi ni mwizi, ingia uketi tumtafute fundi. Ila vua viatu, nimetoka kupangusa."

Nikavua. Kling! Ufunguo ulibanduka kwenye unyayo ukaanguka kwenye taili.

"Mwizi ni mguu!" jirani mwingine, Baba Otis, akapiga kelele mlangoni. "Ufungwe!"

Ploti nzima ilicheka, isipokuwa Mama Achieng. Aliona meno yote ya ufunguo yamechorwa kwenye unyayo wangu. "Umeukanyaga hadi sokoni na hukuhisi?" Akawafukuza wote, akaniambia nifumbe macho na niseme "ndiyo" kila ncha ya kalamu inaponigusa unyayo. Nikangoja. Nikangoja.

"Anza basi, Mama Achieng."

"Nimemaliza, Mwalimu."

Aibu ikanitoka, hofu ikaingia. Akaugeuza mguu kwenye mwanga wa dirisha, akapekua kati ya vidole taratibu kama anayechambua mchele, nami nikivitazama kama mtu anayeviaga.

"Hakuna kidonda. Ngozi haijapasuka."

Nililia, jamani, mtu mzima, kwa raha tupu. (Kliniki nako mchana ule waliniambia neva za nyayo zimeharibika kweli, lakini mguu ni mzima, tumewahi. Siku hizi siingizi mguu kiatuni kabla mkono haujatangulia, na kila jioni nakagua nyayo kwa kioo kama bibi harusi.)

"Nisamehe, Mama Achieng."

"Nenda kliniki kwanza. Halafu uniombe msamaha huko kwenye korido, kwa sauti ile ile."

Nikatoka nikichechemea bure, naye akafunga mlango nyuma yangu.