Bi Shaka na Chai ya Pakiti Nyekundu

Kiwandani walimwita Bi Shaka, na jina hilo alilipata kihalali. Alikuwa mwonjaji na mchanganyaji wa chai. Kazi yake ilikuwa kuchukua majani ya mashamba mbalimbali, haya yenye rangi, yale yenye ukali, mengine yenye harufu nzuri lakini legelege, na kuyaoanisha mpaka yawe chai moja. Gunia lolote lililoingia ghalani lilikuwa na hatia mpaka yeye aseme halina. Alichota majani, akayafinya, akayapulizia pumzi ya moto na kuyanusa, kisha ndipo akayatia maji. Hata nyumbani tabia hiyo haikumwacha. Mumewe, fundi viatu asiyeishiwa maneno, aliwaambia wageni, "Mke wangu huyu hata chumvi anaihoji. Mimi mwenyewe alinionja akanitema mara kadhaa kabla ya kunikubali."

Alianza kazi pale akiwa msichana, akichambua vijiti kwenye majani pamoja na wanawake wengine. Kisha mwonjaji wa zamani akashikwa na mafua yasiyoisha, ikabidi atafutwe mtu wa kumsaidia. Wachambuzi wote waliitwa, wakawekewa vikombe, wakaulizwa kipi kizuri. Wenzake wakataja hiki au kile. Yeye alisema maji yenyewe ndiyo mabaya, yamelala kwenye birika tangu jana. Hakurudi tena kwenye vijiti.

Basi siku moja meneja aliingia chumba cha kuonjea akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani. Nyuma yake walifuata mwanamume aliyepiga pasi mpaka kola na mwanamke mnene kiasi, mkoba kifuani.

"Mama," meneja alisema, "huyu bwana ana maduka, tena si moja. Anataka chai yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe. Sisi tunachanganya na kufunga, yeye anauza. Na huyu ni dada yake."

Mwenye maduka akatoa mfukoni pakiti tupu, nyekundu, yenye maandishi ya dhahabu. Bi Shaka hakupenda hata kidogo. Pakiti imekwisha kuchapishwa na chai yenyewe haijakuwepo! Ni kama kumshonea nguo mtoto ambaye mimba yake haijatungwa. Chini ya jina la chai palikuwa na maneno madogo: *Imeonjwa na mwenyewe.*

"Unataka chai ya namna gani, baba?" aliuliza.

"Iliyokoza. Nzito. Ivumilie maziwa, lakini isimkwaruze koo anayeinywa ya rangi."

Aliyasema kama mtoto aliyekaririshwa. Dada yake alikuwa akitazama dirishani, midomo ikicheza kidogo, kana kwamba anayasema naye kimyakimya.

Kazi ikaanza. Kila walipokuja, Bi Shaka aliwapangia vikombe vyeupe visivyo na vishikio juu ya meza ndefu iliyo karibu na dirisha, na chombo cha kutemea pembeni. Dada ndiye aliyeanza. Alichota kwa kijiko, akafyonza kwa kelele kama ipasavyo, akatema. Kisha kaka akanywa, akakunja uso au akautanua, akatoa hukumu. "Hii hapana." "Hii karibu." "Hii imezidi." Dada hakusema kitu.

Haikumchukua Bi Shaka muda mrefu kuuona mchezo. Dada akiacha kijiko ndani ya kikombe, kaka anakataa. Akikilaza mezani, kaka anasifu. Na kila walipoondoka, waliomba vifuko vidogo vya kila mchanganyiko "tukaonje tena nyumbani."

Jioni moja alimweleza mumewe aliyekuwa amejiinamia, akigongelea soli.

"Wale ni wezi."

"Wanaiba nini, mama watoto?"

"Mkono wangu. Wanataka nisumbuke mpaka nilipate jibu, kisha wakimbilie kiwanda kingine kikawachanganyie vilevile. Yule mwanamke anafyonza chai kama mtu wa kazi. Dada wa mwenye maduka amejifunzia wapi kutema?"

"Labda kaka mtu anamwogopa dada yake tu. Wapo wanaume wa hivyo." Akainua kichwa. "Mimi simo."

"Gongelea viatu vyako."

Kesho yake Bi Shaka alibandua majina yote kwenye makopo yake ya sampuli, akayafunga nyuzi za rangi ambazo maana yake alikuwa nayo kichwani peke yake. Wachanganyaji wakamcheka. Yeye akazidi kukaza nyuzi zake. Alianza hata kumwangalia mwosha vikombe, kama hana udugu na wale wageni.

Ndipo mwenye maduka akaja peke yake. Aliketi kwenye kiti cha dada yake, akainuka, akahamia chake. Macho yake yalikuwa yakizunguka mezani kama ya mtu aliyeangusha ufunguo. Bi Shaka alipomwuliza dada yuko wapi, alijibu, "Ana udhuru," akakohoa.

Juu ya kabati palikuwa na kopo la kufundishia wageni wa kazi: majani yaliyofungiwa pamoja na kipande cha sabuni ya kufulia mpaka yakanywa harufu yote. Bi Shaka akalishusha. Akatengeneza vikombe viwili, kimoja cha mchanganyiko wake mzuri kuliko yote, kingine cha kopo lile. Akaviweka mbele yake bila neno.

Mwanamume alifyonza cha kwanza. Akafyonza cha pili. Akafumba macho.

"Hiki," alisema kwa sauti kubwa, akigusa kikombe cha sabuni. "Hiki ndicho chenyewe, mama. Kina uzito."

"Kinanuka sabuni, baba."

Akakishusha taratibu, kama kilichomo ndani kinaweza kumrukia.

"Sasa niambie," Bi Shaka alisema. "Umetumwa na kiwanda gani?"

Mwanamume alimtazama kama hakuelewa, kisha akacheka kicheko kikavu. Akainuka, akaufunga mlango ambao muda wote ulikuwa wazi, akarudi kuketi.

"Sijatumwa na mtu. Nilianguka kutoka ngazi dukani, nikipanga madebe ya mafuta. Niligonga kisogo. Nilipozinduka, mke wangu aliniletea uji, nikamwambia ameniletea maji ya moto. Tangu hapo ni hivyo. Kwangu mimi chai ni maji yenye rangi."

"Na pakiti inasema imeonjwa na mwenyewe."

"Ilichapishwa kabla sijaanguka. Niliipigia debe kwa kila mtu." Akajikuna mkono. "Mwuzaji mmoja wa unga alijua habari zangu. Akaniletea unga uliovunda, akanisimulia unavyonukia vizuri, nami nikaitikia. Nikaupanga dukani. Wateja walinirudishia usoni. Sasa simwamini mtu, isipokuwa dada yangu, na yeye tumegombana jana. Anasema nifute yale maneno kwenye pakiti. Nimemwambia nikifuta, watu watauliza kwa nini." Akainamisha kichwa. "Nakuomba, mama. Meneja asijue."

Bi Shaka alikivuta kikombe cha sabuni upande wake. Alimtafuta mwizi usoni mwa mtu yule na hakumwona, ila hakuacha kutafuta. Mtu anaweza kutunga jambo la kusikitisha vizuri sana. Lakini kikombe cha sabuni hakitungi.

"Sitamwambia mtu," alisema mwishowe. "Ila mrudishe dada yako. Mimi simchanganyii mtu asiyeweza kunikatalia."

Mgeni alipoondoka, meneja aliingia akipiga mluzi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikombe, akakiinua, akakinusa, nyusi zikapanda.

"Nilikuwa napita kwenye korido," alisema. "Hiki ndicho alichokisifu?"

"Alichanganya vikombe."

"Eti alichanganya!" Meneja alicheka mpaka akashika mlango. Kisha kicheko kikakatika, akabaki anatazama dirishani kuelekea ghala. Bi Shaka hakupenda namna ile ya kutazama. Alimjua meneja akicheka na alimjua akigomba. Akifikiri kimyakimya ndipo alipokuwa mgeni kwake.

Wale ndugu wawili walirudi pamoja, macho ya dada yakiwa yamevimba kidogo. Safari hii hapakuwa na mchezo wa vijiko. Dada alivuta kiti, akafyonza, akasema wazi, "Inauma huku nyuma ya ulimi. Ukitia maziwa inajificha, ila ipo."

"Ni haya ya shamba la juu," Bi Shaka alisema. "Nikiyapunguza utapoteza ung'avu wa rangi."

"Hakuna yenye rangi isiyouma?"

Yalikuwepo, majani madogo ya shamba la bondeni ambayo Bi Shaka aliyadharau kwa kuwa hayana harufu. Aliyatia kidogo, akapima upya, akachemsha upya. Yeye na dada wakafyonza, wakatazamana, na kwa mara ya kwanza dada alimeza badala ya kutema. Ilikuwa chai nyekundu ya kung'aa, nzito mdomoni, na baada ya kumezwa iliacha koo safi. Bi Shaka alimwuliza kufyonza vile alijifunzia wapi.

"Kwako," dada alisema. "Siku ya kwanza nilikuangalia, nikaiga. Niliogopa utatuona washamba."

Ikafika siku ya kuchanganya mzigo wa kwanza. Asubuhi meneja alimpitia chumbani.

"Mama, leo usihangaike kushuka chini. Vipimo tunavyo. Pumzika."

Katika miaka yote ya kufanya kazi naye, meneja hakuwahi kumwambia apumzike. Bi Shaka aliitikia vizuri, akasubiri nyayo ziishie, akashuka.

Pipa kubwa la kuchanganyia lilikuwa limesimama, mlango wake umefunguliwa, vumbi la chai likielea. Ukutani palilazwa magunia matupu. Aliinama. Vitako vya magunia vilikuwa na madoa meusi. Aliyajua. Ni yale yaliyoegemea ukuta wenye maji wakati wa mvua, ambayo yeye mwenyewe aliyakataa.

"Nani kasema haya yaingie?" alimwuliza mwendesha pipa.

"Mama, usinitafutie maneno. Mimi naambiwa mimina, namimina."

Hakwenda kwa meneja. Meneja angesema mteja ameridhika, na nani angebisha? Alichota majani kutoka kwenye pipa, akayaficha kwenye kanga, akapanda juu na kumpigia dada simu. "Njooni sasa hivi. Getini waambieni mmekuja kuona pakiti zenu zinavyofungwa."

Walipofika, meneja aliwalaki kwa tabasamu pana na kuwasindikiza hadi chumba cha kuonjea. Kikombe kilikuwa tayari mezani.

"Hii ni ya pipani, ya leo," Bi Shaka alisema.

Meneja alimtupia jicho, kisha akawahi kukishika kikombe, akamnyooshea kaka kwa mikono miwili. "Basi aonje mwenyewe! Si ndivyo pakiti inavyosema?"

Mwenye maduka alikipokea. Birika lilikuwa likilialia pembeni. Bi Shaka alimwona akitazama kikombe, akimtazama dada yake, akimtazama na yeye. Alijua mtu yule angeweza kunywa na kuitikia kwa kichwa, na mambo yaishie pale.

Mwanamume akakiweka kikombe mezani bila kukinywa.

"Mimi sisikii ladha," alisema. "Wala harufu. Niliumia kichwa. Anayeonja ni dada yangu."

Dada akachukua kijiko, akafyonza, akatema kwa nguvu. "Ukungu! Hii si chai yetu."

"Patakuwa na kosa dogo la vijana," meneja alianza.

"Ulijua," mwenye maduka alisema polepole. "Kila siku anaanza dada. Leo umenipa mimi."



Mzigo ule ulitolewa pipani na mwingine ukachanganywa mbele ya macho ya dada, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine, vumbi likimjaa nywele, akikataa kuhama. Pakiti nyekundu zilibandikwa ukanda mweupe juu ya yale maneno. Kaka alitaka yaandikwe *Imeonjwa na dada*, lakini dada alikataa katakata. "Mimi sitaki kukaa kwenye pakiti," alisema, na ukanda ukabaki mtupu. Chai iliuzika. Hakuna aliyeuliza chochote kuhusu ukanda.

Jambo moja lilimkaa Bi Shaka rohoni. Kwa muda mrefu mwenye maduka alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni, akiamini ndiye aliyempelekea meneja siri yake. Alimsalimia vizuri, akamshukuru kwa chai, lakini jicho lilikuwa pale pale. Bi Shaka alilijua jicho hilo vizuri mno. Alijaribu kujieleza mara moja, akaona kila neno linamzidishia hatia, akaacha. Mpaka dada alipomkumbusha kaka yake, kwa hasira, kwamba aliisifu chai ile ya sabuni kwa sauti ya mnadani huku mlango ukiwa wazi, na kwamba aliufunga baadaye. Siku iliyofuata mwenye maduka alikuja kiwandani bila shughuli yoyote, akasimama mlangoni kidogo, akasema, "Mama, nisamehe," akaondoka.

Meneja alihamishiwa kitengo cha magari ya kiwanda. Akaletwa mwingine, kijana mchangamfu, anayezunguka kila asubuhi akimsalimia kila mtu na kuwaulizia watoto.

"Huyo je, yukoje?" mumewe alimwuliza.

Bi Shaka alifikiri.

"Anasalimia mno," alisema.