Mwezi wa Mume Wangu

Mume wangu alirithi vitu viwili kwa baba yake: shamba la Ihanda na elimu ya mwezi. Shamba nikalilima mimi. Elimu akabaki nayo yeye, maana haitoi mtu jasho.

Elimu yenyewe ni fupi. Mwezi ukiwa mchanga hupandi, mahindi yatazaa majani matupu. Ukishapevuka hupandi, yataliwa na funza. Katikati hapo ipo siku njema ambayo babu zake waliijua, na yeye anaijua, ila sijawahi kumwona akiwa na jembe mkononi siku hiyo imefika. Kwenda kilabuni kunywa komoni, mwezi wowote ulifaa.

Mwaka mmoja mvua za kwanza zililowesha ardhi vizuri, nikachoka kungoja. "Mama, utatuletea njaa," akaniambia, naye hajainuka kitini. Nikapanda. Mahindi yakakubali mpaka wapita njia wakasimama kuyatazama. Siku ya shukrani ya mavuno, mzee mzima akasimama mbele ya kanisa, gunia langu miguuni pake, akaeleza jinsi mwezi wa mababu usivyodanganya. Waumini wakampigia makofi. Mimi nilikuwa benchi la akina mama.

Binti yetu naye alipiga makofi. Alikuwa ameolewa karibuni huko Itumba, na msimu uliofuata ulikuwa wa kwanza kupanda shamba lake mwenyewe. Akampigia baba yake simu, apande lini. "Subiri, mwanangu, nitakwambia." Nami nikampigia: udongo umelowa, panda, usipopanda mtakula nini? Akanijibu kwa upole kwamba mambo haya mimi sikufundishwa.

Akasubiri. Aliporuhusiwa kupanda, majirani zake walikuwa wanapalilia. Mvua ikakatika mahindi yake yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, akavuna magunzi.

Krismasi haijafika, akaja kwetu na mtoto mgongoni na gunia tupu kwapani. Amekonda, shingo imebaki mifupa. Baba yake akamuuliza, "Ulipanda saa ngapi?"

"Mchana, baba."

"Unaona sasa? Mwezi ule ulikuwa wa alfajiri."

Hakuwahi kumwambia alfajiri. Nilikuwepo alipompigia simu ya kumruhusu apande. Lakini kabla sijafungua mdomo, binti yangu alishapiga magoti, mtoto akiwa bado mgongoni.

"Nisamehe, baba."

Naye akamsamehe.