Mashine ya Pili, Loresho

Kwa miaka kumi na saba bosi wangu alitia sahihi kila karatasi niliyompelekea bila kuisoma. Alifungua kalamu kabla sijamaliza kueleza. "Umesoma yote, mwalimu?" aliuliza. Nikisema nimesoma, alitia sahihi na kurudi kwenye simu yake.

Mimi si mwalimu. Aliniita hivyo kwa sababu ya madaftari yangu. Niliingia katika duka lake la jumla la vipuri vya malori, katikati ya jiji, nikiwa karani wa stoo, na sina cheti chochote cha kompyuta. Nilichojua nilikipata kwa kusoma miongozo, ukurasa baada ya ukurasa, na kuandika kwa maneno yangu kile nilichoelewa. Leo mimi ndiye ninayetunza hifadhidata ya kampuni, yaani programu inayoshika kila kipuri, kila mteja na kila gari la mizigo linalotoka langoni. Kwa mtu kama mimi, sahihi ile isiyosomwa ndiyo iliyokuwa cheti. Ninaandika haya ili nieleze jinsi ilivyonitoka.

Sikusoma peke yangu. Tulikuwa wawili. Tulikutana tungali vijana katika saibakafe moja ya mjini, kila mmoja akichapisha sura tofauti ya mwongozo uleule, tukagundua kwamba tukibadilishana kurasa tutalipia nusu. Urafiki ulianzia hapo. Yeye alikuwa mwepesi, mimi nilikuwa na subira. Akielewa jambo kwa siku moja, mimi nililielewa kwa wiki, lakini baada ya mwaka ni mimi niliyekuwa bado nalikumbuka. Baadaye alipata kazi katika kampuni inayouza leseni za hifadhidata hiyohiyo. Kila Ijumaa mchana tulikula pamoja katika hoteli ndogo Dagoretti Corner, chapati na ndengu, na nilizoea kwenda na daftari langu. Alilisoma akitafuna. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kulisoma.

Mkataba wetu wa leseni ulipokaribia kwisha, bosi aliniambia nichague mpya. Kwa asiyejua kazi hii nitaeleza kwa kifupi. Programu ya aina hii hainunuliwi kama sufuria. Unanunua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo hupimwa kwa njia mbalimbali. Unaweza kulipia kila mtu anayeigusa. Unaweza kulipia nguvu ya mashine inayoiendesha, wawe watu watano au elfu. Unaweza pia kuikodi mwaka hadi mwaka, ukiacha kulipa inazimwa. Nilichora jedwali, nikahesabu makarani, madereva wenye simu za kazini na wauzaji wa kaunta, nikalinganisha. Rafiki yangu alilitazama akasema, "Hesabu watu, mzee. Hao wengine ni wa mabenki." Nilikuwa nimefikia jibu hilohilo. Bosi alitia sahihi bila kusoma.

Katika mkataba huo kulikuwa na kifungu kuhusu mashine ya akiba. Kampuni inaruhusiwa kuwa na seva ya pili ya dharura bila leseni ya ziada, mradi imezimwa. Unaweza kuiwasha siku chache kwa mwaka kwa majaribio. Ukiizidishia siku hizo, inahesabiwa sawa na ile ya kwanza. Nilikinakili kifungu hicho katika daftari na kukipigia mstari kwa wino mwekundu.

Seva yetu ya pili ilikaa mtaa wa Loresho, nyumbani kwa mama yake bosi. Kulikuwa na jenereta nzuri na chumba kimoja cha nyuma kisichotumika, karibu na rafu ambapo mama alihifadhi mitungi yake ya achari. Kila Jumamosi asubuhi nilikwenda, nikabeba nakala ya wiki kwenye diski, nikahakikisha mashine i salama. Mama alikuwa ananisubiri na chai ya tangawizi. Nina miaka hamsini na miwili, naye aliniita kijana.

"Kuja, kijana, kunywa kwanza. Hiyo kitu yako haikimbii."

Mwaka huo, siku chache kabla ya Diwali, aliniuliza jambo ambalo sikuwa nimelitarajia. Familia hiyo ya Kihindu ina desturi ya wafanyabiashara wa zamani. Siku hiyo vitabu vipya vya biashara hufunguliwa mbele ya madhabahu, ukurasa wa kwanza hutiwa alama nyekundu, na mwaka unaanza na baraka. Marehemu mumewe alifanya hivyo maisha yake yote. "Sasa vitabu iko wapi?" aliuliza. "Mtoto wangu nasema hakuna kitabu tena."

Nilimwambia vitabu vyote vimo ndani ya mashine ile ya chumba cha nyuma.

Alifikiri kidogo. "Basi fungua. Mimi siwezi bariki kitabu imefungwa."

Niliiwasha. Alikuja na sinia, taa ndogo ya samli na maua ya manjano. Alitia doa jekundu kwenye kasha la chuma, akalivisha shada la maua, akasimama mbele yake ameunganisha mikono. Nami nilisimama nyuma yake nimevua viatu. Sikuona chochote cha kuchekesha.

Siku ya tano nilirudi kuizima. Mama alisema niache hadi maua yakauke. Maua yalipokauka alisema niache hadi mwezi uishe. Hapa ni lazima niseme ukweli wote: baada ya hapo hakunizuia tena. Ni mimi niliyeiacha. Ikiwa imewaka, iliweza kupokea nakala kutoka mjini kila baada ya dakika chache, na kazi yangu ya Jumamosi ikabaki kunywa chai. Mama ndiye aliyelalamika baadaye kwamba chumba kimekuwa na joto kama jikoni na achari yake itaharibika. Niliandika kila kitu katika daftari: siku niliyoiwasha, sababu, siku ambazo zimezidi.

Ijumaa moja rafiki yangu alifika ukurasa huo. Aliacha kutafuna.

"Ngoja kwanza. Mlivisha seva maua?"

"Mama alivisha."

"Na viatu ukavua!" Alicheka hadi mhudumu akageuka. "Mzee, wewe siku moja utaoa hiyo mashine."

Nilimwambia mimi sicheki. Siku zimepita kiwango, na ninafikiri niizime kesho na kuwaandikia kampuni yake barua ya kueleza.

"Barua ya nini? Unataka kujishtaki?" Alifunga daftari na kunisukumia. "Wacha ikae. Nani atakuja kuhesabu mashine ya shosho Loresho? Mwenye kuhesabu ni nani? Si ni mimi?"

Jioni hiyo niliandika maneno yake, kama ninavyoandika kila ushauri. Kisha nikaiacha mashine ikae.

Barua ya ukaguzi kutoka kampuni yake ilifika wiki ya tatu baada ya Ijumaa hiyo. Barua hizo ninazijua, nimesoma nyingi zinazozungushwa mtandaoni, na zote hufanana: tuorodheshee mashine zilizo ofisini, ghalani na katika matawi. Hii ilikuwa na maneno matano ya ziada. Ilisema, "na katika nyumba za makazi." Niliyasoma nikiwa nimesimama. Nikakaa, nikayasoma tena. Duniani kulikuwa na watu watatu waliojua kwamba mashine ile imewaka, na mmoja wao alikuwa na miaka themanini na mitano na hakujua maana ya leseni.

Nilimpigia rafiki yangu simu.

"Ah, hiyo? Hiyo inatumwa na watu wa makao makuu," alisema. "Mimi hata sijaiona."

"Imeandika nyumba za makazi."

"Siku hizi watu wanafanyia kazi nyumbani, mzee. Ni kawaida."

Nilitaka kumwamini. Kwa siku sita nilitafuta njia ya kumwamini, nikapanga sababu zake kama ninavyopanga hitilafu: inawezekana, haielekei, haiwezekani. Siku ya saba alifika ofisini kwetu na mwanamke mmoja mkaguzi. Rafiki yangu alinipa mkono akaniita "afande wa mifumo", kama mtu aliyeambiwa cheo changu mlangoni.

Tulikaa wanne. Mkaguzi alikuwa na adabu na hakupoteza muda. Aliuliza kuhusu Loresho moja kwa moja.

Bosi alishangaa. "Hata mimi nilikuwa nimesahau hiyo mashine. Nyinyi mmejuaje?"

Rafiki yangu hakunitazama. Alipanga karatasi zake zikalingana kingo, akasema, "Mteja mwenyewe alitufahamisha."

Bosi aligeuka polepole kunitazama. Lililosemwa lilikuwa kweli, na nilikuwa nimelisema mimi, mdomo umejaa chapati, kwa mtu niliyegawana naye kurasa.

Nilifungua daftari. Nilisoma kwa sauti siku niliyoiwasha, Diwali, mama, maua, siku zilizozidi. Sikuruka kosa langu. Kisha nikasoma mstari wa mwisho wa ukurasa: wacha ikae, mwenye kuhesabu si ni mimi. Nikataja aliyeyasema na mahali alipoyasemea.

"Hayo yalikuwa mazungumzo ya chakula," rafiki yangu alisema. Sauti yake haikutetemeka.

Mkaguzi alimtazama kwa muda, kisha akanigeukia mimi. "Pole. Lakini mkataba hauangalii nani alimshauri nani. Mashine ilikuwa imewaka?"

"Ilikuwa imewaka."

"Basi inahesabiwa."

Alitoa njia mbili. Tulipie leseni kamili ya mashine ya pili kwa muda wote ilipowaka, au tuvunje mkataba wa kuhesabu watu na kukodi mwaka hadi mwaka, kwa miaka mitatu, nao watasahau ya Loresho. Ile karatasi ya kukodi ilikuwa imeshachapishwa. Jina la kampuni yetu lilikuwa juu yake tayari. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukaguzi ulikuwa njia tu, walichokuja kuuza kilikuwa hicho.

Rafiki yangu alinikuta kwenye korido nikisubiri lifti ipande.

"Usinichukie, mzee. Robo hii ya mwaka ilikuwa inaisha na sikuwa nimeuza kitu. Wangenitoa."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungezima."

"Ndiyo," nilisema. "Ningezima."

Aligusa bega langu, akashuka kwa ngazi. Sijala Dagoretti Corner tangu siku hiyo. Jumamosi iliyofuata nilizima mashine, nikachomoa waya. Mama alibandua shada lililokauka kwa mkono wake, akalifunga katika kitambaa, akasema ataliweka mahali pa heshima. Hakujua chochote, na bosi aliniomba asijue. Nilimshukuru kwa hilo.

Bosi hakunifukuza. Hakupandisha sauti hata mara moja. Nilikaa wiki mbili nikisoma karatasi ya kukodi, nikaandika vifungu vyote, nikapata viwili vya kupunguza na mkaguzi akavikubali. Nilipomaliza nilimpelekea bosi, nikaiweka mezani na kuanza kueleza.

Kalamu yake ilikuwa kando ya simu. Hakuigusa. Alifungua droo, akatoa miwani, akaifuta kwa tai, akaanza ukurasa wa kwanza. Alisoma akifuata mistari kwa kidole, akarudi nyuma mara mbili, akafika mwisho. Nje, makuli walikuwa wanapakua ngoma za breki. Nilisimama mbele ya meza yake muda mrefu kuliko nilivyowahi kusimama tangu siku aliyoniajiri.

"Mwalimu," alisema, bila ubaya wowote katika sauti yake, "na hii, nani mwingine ameiangalia?"