Mganda Ambao Makhluf Hakuuhesabu

Saa nne asubuhi, jua limeshawaka vya kumtoa mtu jasho, na Makhluf Ohana bado hajaruhusiwa kukata hata suke moja. Ameegemea tairi la trekta lake, mundu mkononi, akimtazama kijana mwenye ndevu nyekundu anayezunguka shambani akigusisha masuke shavuni mwake.

"Rabi wangu, unaikagua ngano au unaichumbia?"

Kijana huyo ni Rabi Getzel, msimamizi aliyetumwa na wanunuzi, waokaji wa mikate isiyotiwa chachu. Kazi yake ni kuhakikisha ngano ya Pasaka haipati unyevu, usije ukaichachusha. Umande ukiwapo, hakuna kukata.

"Bado kidogo, mzee. Dakika kumi."

"Dakika kumi ulisema saa tatu!"

Mwandishi huyu ameshamaliza glasi tatu za chai ya mnanaa, na anakiri kwamba yeye pia uvumilivu unamwishia.

Makhluf ana miaka sitini na tatu. Siku za kawaida huendesha trekta katika mashamba ya watu, shekeli hamsini kwa saa. Shamba hili dogo karibu na Kiryat Gat, kusini mwa Israeli, alilirithi kwa baba yake, na kila mwaka kabla ya Sikukuu ya Majuma hulivuna kwa mundu pamoja na jirani yake Berti na vibarua wawili. Haya ni mavuno yake ya thelathini na moja. Katika yote hayo hajawahi kusahau mganda hata mmoja.

Mwingine angetamba. Yeye jambo hilo linamkera mno.

"Torati inasema ukivuna ukasahau mganda shambani, usirudi kuuchukua. Ni wa mgeni, yatima na mjane," anasema. "Haya, niambie, nitasahauje? Nikiuacha makusudi, sijasahau. Nikijitahidi kusahau, ndiyo kwanza nakumbuka. Amri nyingine unajikaza, unatii, yamekwisha. Hii ukiifukuza inakimbia."

Mwandishi alimweleza kwamba kitabu chenye amri hiyo ya kusahau, sisi kwa Kiswahili tunakiita Kumbukumbu la Torati. Hakucheka.

"Kumbe na ninyi mnanisimanga," alisema.

Miaka kadhaa iliyopita Berti alimwonea huruma, akaficha mganda mmoja chini ya majani makavu. Makhluf alifunga tela, akasimama, akaanza kupiga kelele: "Wa mia na themanini na nne uko wapi?" Akaufuata moja kwa moja.

"Nilitaka kumsaidia apate thawabu," anasema Berti. "Nikaambulia matusi ya Kimoroko."

Lakini kuna jambo ambalo Makhluf halizungumzi kwa urahisi. Baba yake, mzee Yaish, aliitimiza amri hii miaka mitano mfululizo. Kila mwaka mganda ulibaki, na watu wa sinagogi wakampa mkono wa pongezi. Mwaka wa sita alisahau jina la mkewe.

Tangu majira ya baridi, Makhluf mwenyewe ameacha jiko likiwaka mara mbili. Mkewe, Zohara, amemwekea miadi Jumanne ijayo kwa daktari wa kumbukumbu. Yeye amekataa katakata.

"Daktari wa nini? Aje hapa ahesabu miganda mia mbili bila karatasi, ndipo tujue mgonjwa ni nani!"

Saa nne na nusu Getzel anainua mkono. Kazi inaanza. Berti na vibarua wanakata, Makhluf anafunga, na kila mganda unaposimama anataja namba yake kwa Kiarabu cha Moroko, kama alivyohesabu baba yake. Sauti yake inasikika shamba zima, na hakuna anayethubutu kumsemesha.

Saa nane mchana wingu dogo linatokea upande wa magharibi. Getzel anashika kichwa.

"Pakieni! Pakieni upesi! Turubali liko wapi?"

"Mvua mwezi wa tano? Umeiona wapi, kijana?"

"Mzee, tone moja tu na ngano yote haifai kwa Pasaka!"

"Tone utalitoa wewe, kwa jasho lako!"

Wanagombana huku wanapakia. Wanagombana huku wanafunika. Wingu linapita zake bila kudondosha chochote. Makhluf anafunga kamba ya mwisho na kutangaza: "Mia mbili na tatu. Yote imo."

Wakati huo mama Yalganesh anatokea upande wa pili. Ni mjane wa kijiji jirani, na kila mwaka huja baada ya mavuno kuokota masuke yaliyodondoka. Leo amekumbatia mganda mzima.

"Baba Makhluf, huu mmeuacha?"

Makhluf anamkodolea macho. "Umeutoa wapi?"

"Pale katikati. Umesimama tu, mzuri, umefungwa."

Anamgeukia Berti. "Uliuona?"

"Mimi nitauonaje? Mwenye kuhesabu ni wewe!"

Vibarua wanatikisa vichwa. Getzel anakuja mbio, kofia mkononi. "Ngojeni! Kuna yeyote kati yenu aliyeukumbuka? Hata mmoja? Akikumbuka mmoja tu, haihesabiki kuwa mmesahau."

Hakuna. Mwandishi huyu alikuwa ameuona, akadhani umeachwa kwa sababu maalumu. Getzel anampuuza kwa mkono: "Wewe si mvunaji. Huna neno hapa."

Kisha anamshika Makhluf mabega yote mawili. "Mzee, umeipata! Hii haipatikani kwa juhudi, unapewa. Ni neema tupu!"

"Neema gani?" Makhluf anafoka. "Nimesema mia mbili na tatu! Mmenisikia wote, mia mbili na tatu!" Anamnyooshea mjane mkono. "Ulete hapa, mama. Tuupakie, hesabu iwe mia mbili na nne."

Yalganesh anabaki ameukumbatia mganda wake.

"Makhluf," anasema Berti taratibu. "Usirudi kuuchukua."

Ule mkono unabaki hewani. Miaka thelathini na moja ameitamani siku hii, na sasa anaonekana kama mtu aliyepokea habari za msiba. Hatimaye anaushusha mkono.

"Chukua, mama. Ni wako," anasema. "Nimesahau."

"Sasa mbona unasema kama umeua mtu?" anauliza Yalganesh. "Mimi nasahau kila siku, na hakuna rabi anayenikimbilia kunishika mabega." Anamwombea baraka kwa Kiamhari, anaupandisha mganda begani na kuondoka.

Makhluf anakaa chini kwenye mabua. Berti anamletea maji, hayataki. Anasema mwaka ujao anataka kuvuna tena, ila kuhesabu atahesabu Berti, yeye atakata tu. Kisha anatoa simu. Masikio yake si mazuri, kwa hiyo huifungulia spika na kila mtu husikia.

"Zohara. Nimesahau mganda."



"Hongera, mume wangu," anasema Zohara, na sauti inamkatika. "Mmoja?"

"Mmoja."

"Umekula?"

"Achana na kula. Ile Jumanne ni saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi. Usianze, Makhluf, nimeshachoka na maneno yako."

"Sianzi. Nitakwenda." Anafuta macho kwa mkono uliojaa makapi. "Jumatatu unikumbushe."