Kidole Kwenye Kitufe

Wiki hii yote natoka nyumbani Kaloleni kwa njia ya nyuma ya ukumbi wa mtaa, kama mwizi. Acheni niwaambie kwa nini.

Kazi yangu ni kuongoza ndege kutoka mnara wa kiwanja kimoja kidogo. Jumatatu nilimwambia rubani Wafula, tuliyekua naye mtaani, azunguke kwanza angani, maana ndege nyingine ilikuwa ikiruka. Hakujibu. Nikarudia. Kimya.

“Anajifanya hasikii,” nilimwambia Akinyi, mwenzangu wa zamu. “Kuna kitu amebeba. Rubani wa vindege hivi anajengaje nyumba Njiru? Na juzi pale soko la nyama la Burma alinunulia meza nzima nyama. Hiyo ni magendo tu!”

Kadiri alivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kumshuku. “Tazama anavyozunguka! Anatafuta pa kudondosha mzigo.” Nikapiga simu kwa mkono wa kushoto, nikaita polisi waje kumpokea. Mkono wa kulia ulikuwa umeibana maikrofoni kwa hasira.

Akinyi akautazama mkono huo, macho yakamtoka.

“Otieno, toa kidole kwenye kitufe! Ukikibonyeza hatuwezi kumsikia. Yeye ndiye anatusikia!”

Nilikiachia. Sauti ya Wafula ikaingia papo hapo, tulivu kabisa.

“Mnara, uliniambia nizunguke, nazunguka. Na hayo mengine pia tumeyasikia. Nimekaa na mama hapa mbele, namrudisha nyumbani Kaloleni kutoka hospitali. Anauliza, huyo ni Otieno yupi? Ni yule aliyekuwa akila kwake kila jioni?”